Kusaini na Kampuni Moja ama Kubaki Huru? Maejenti wa Bima ya Afya Kisii na Nyamira Wanakuna Kichwa

Binamu yangu anauza bima Kisii town. Usifikirie ofisi ya vioo. Ni meza moja ndani ya duka ya M-Pesa ya beshte yake upande wa Daraja Mbili, simu mbili, na begi ya fomu. Anauza bima ya gari, ya boda, ya duka, na hii miaka miwili mitatu imepita doh yake nyingi imekuwa ikitoka kwa kava ya afya.

Wiki ya kwanza ya Januari alinitumia PDF ya kurasa 14 kwa WhatsApp. Chini akaandika: "Brathe, cheki hii. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Nisaini?"

Kampuni moja ya bima, jina tunaliacha nje, inataka awe ejenti wao peke yao kwa upande wa afya. Auze kava zao, asiguse za mtu mwingine. Kwa hiyo watampea posho ya kila mwezi, kiti kwa ofisi yao, kadi za biashara zenye jina lake, na komisheni iliyo juu kidogo ya ile anapata saa hii. Kwa group ya maejenti wenzake wa Kisii na Nyamira, wasee kadhaa wameletewa kitu karibu sawa na hicho. Wengine walisaini siku hiyo hiyo. Wengine bado wanajikuna.

Nikampigia. "Umesoma peji ngapi?"

"Ile ya komisheni."

"Na peji ya 11?"

Kimya.

Peji ya 11 ina sentensi mbili tu zenye uzito. Ya kwanza inasema wateja wote walioandikishwa chini ya mkataba ni wa kampuni. Ya pili inasema mkataba ukiisha, kwa sababu yoyote ile, komisheni zote zinakatika siku hiyo. Weka posho, kiti na kadi za biashara upande mmoja wa mizani, weka hizo sentensi mbili upande ule mwingine, na ndio utajua mbona nilimwambia aweke peni chini kwanza.

Mbona kampuni zimeamka saa hii

NHIF ilizimwa, na SHA ikaanza kazi 1 Oktoba 2024. Msee wa payslip anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na hakuna kikomo cha juu. Kumbuka enzi za NHIF hata mkubwa wa ofisi alikuwa anakatwa 1,700 kwa mwezi basi. Msee wa jua kali anaulizwa maswali kuhusu maisha yake, mfumo unakadiria mapato yake, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi.

Kwa ejenti hii imeleta baridi na joto kwa wakati mmoja. Mtu ambaye payslip yake imepigwa na SHA hataki kuskia neno bima. Ukimkaribia na fomu ya kava ya private anakuuliza kama umetumwa na serikali kummaliza. Lakini huyo huyo, siku mtoto amelazwa na anaambiwa hiki kinalipwa na hiki hakilipwi, anakupigia saa tano usiku kuuliza ile kitu ulikuwa unaongelea ni pesa ngapi.

Halafu kukakuja walimu. 1 Desemba 2025 walimu wa TSC walitolewa kwa mpango wa matibabu uliokuwa unasimamiwa na Minet wakapelekwa SHA. Kama unajua Gusii unajua hiyo ni stori ya aina gani. Huku kila boma ina mwalimu, na kama haina, shemeji ni mwalimu. Hao ni watu wa mshahara wa uhakika ambao kwa miaka walikuwa na kadi moja, wakizoea hospitali fulani na wakilalamikia zingine, na ghafla wako na kadi ingine. Wengi wametulia kuona itaendaje. Lakini kuna wale wanataka kitu cha kuongezea juu, hasa wenye wazazi wazee na watoto wadogo.

Kampuni zimeona hiyo nafasi. Shida yao ni kwamba makao yao yako Nairobi, na mtu wa Nairobi hajui barabara ya Magombo ikinyesha. Ejenti anaijua. Anajua ni nani amepata bonus ya majani chai mwezi wa kumi, na ni nani ameshaimaliza kwa school fees. Anajua chama gani Kebirigo kinaongozwa na mama anayeaminika, ambaye akisema ndiyo, wengine 20 wanasema ndiyo. Kampuni ikimfunga ejenti wa aina hiyo, inanunua mauzo yake na pia vile huyo mama anamwamini.

Na Januari ndio msimu wenyewe. Leseni ya ejenti inatolewa na IRA, ile mamlaka ya kusimamia bima, na inakatika kila 31 Desemba. Kwa hivyo mwanzo wa mwaka kila ejenti anashughulika na makaratasi, na ukiwa hapo kwa makaratasi, mkataba mpya unakuja ukiwa umekunjwa ndani yake kama leaflet.

Hesabu ya vidole

Tupige hesabu ya mfano, sio bei ya kampuni yoyote. Tuseme familia ya watu wanne inanunua kava ya 60,000 kwa mwaka na komisheni yako ni asilimia 10. Hiyo ni ngiri sita. KRA inakata asilimia 10 ya komisheni ya ejenti kabla ikufikie, unabaki na 5,400. Ukipata familia 30 za hivyo, mwaka unaingiza 162,000. Gawa kwa miezi 12, ni 13,500 kwa mwezi. Toa fare ya Nyamira, toa bundles, toa chai uliyomnunulia mteja ambaye baadaye alisema "nitakupigia". Hiyo si pesa ya kuringia mtu.

Sasa msee anakuja anakwambia posho ni 15,000 kila mwezi, mbali na komisheni. Umeongezewa mara mbili na hata hujaanza kutembea. Kwa kijana wa miaka 26 mwenye bedsitter Mwembe na deni la Fuliza, hapo hakuna mjadala. Anasaini akiwa amesimama.

Ila kwa mkataba wa binamu, posho ni ya miezi sita na iko na tageti. Ukikosa tageti miezi mitatu ikifuatana, inakatwa. Mkataba wenyewe ni wa miaka miwili. Kwa hivyo pesa ya kukubembeleza inaweza kuisha mwezi wa tatu, na kamba ikabaki shingoni hadi mwezi wa 24.

Na hata hiyo si kiini. Angalia mwaka wa pili. Zile familia 30 zikirenew, zile 162,000 zinaingia tena bila kutafuta mtu mpya. Ukiongeza 30 kila mwaka na wachache tu wakitoka, mwaka wa nne uko na familia kama 100, na hiyo ni zaidi ya nusu milioni kwa mwaka kabla hata ujaribu mlango mpya. Mwaka wa kwanza ejenti huteseka, kila mtu kwa hiyo kazi anajua. Anavumilia kwa sababu ya miaka inayofuata.

Mtu wa Nyamira ataelewa hii haraka kwa sababu ya chai. Unapanda miche, unapalilia miaka bila kuchuma kitu cha maana, halafu kichaka kikishika unachuma hadi watoto wako wachume. Kusaini peji ya 11 vile ilivyo ni kupanda chai kwa shamba la mwenyewe mwingine. Majani yakianza kutoka, anakwambia asante, kapu acha hapo kwa gate.

Gari haina pressure

Kuna maejenti wanasema hii ni kelele tu, wao wamehama kampuni mara tatu na wateja wakawafuata. Ukiwauliza vizuri unapata wengi wao walikuwa wanauza bima ya gari. Kwa gari ni kweli. Bima ikiisha leo, kesho unaipeleka kampuni ingine, sticker inabadilika, maisha inaendelea. Gari haina sukari. Gari haina pressure. Hakuna mtu anauliza Probox kama mama yake alikuwa na kansa.

Kava ya afya inabeba historia ya mtu. Ukiingia kampuni mpya kuna kipindi cha kungoja kabla ya baadhi ya vitu kulipwa, uzazi mara nyingi ukingojewa kuliko vingine. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuingia unawekewa masharti: ungoje, ulipiwe kidogo, ama usilipiwe kabisa, kutegemea kampuni na kava.

Chukua mwalimu wa miaka 52 pale Keroka. Pressure yake iligunduliwa akiwa tayari ndani ya kava ya kampuni A. Dawa zinalipwa, kliniki inalipwa, ametulia. Ejenti wake anasaini mkataba wa kufungwa na kampuni B. Kuanzia hapo ejenti anaweza kumuuzia B peke yake. Akimhamisha, kule B pressure ni ugonjwa wa zamani. Mwalimu anapata kadi mpya inayong'aa na dawa zile zile analipa mfukoni. Asipomhamisha, mzee anabaki A bila mtu wa kumpigia, juu ejenti wake haruhusiwi tena kushughulika na A.

Hiyo ni siku ya kwanza ya mkataba, kabla hata ugomvi wowote. Na siku ejenti akitoka B, shida ni ile ile ikirudi kutoka upande ule mwingine. Wateja aliowaleta B wameshapata magonjwa yao huko. Kuwahamisha ni kuwaumiza. Kuwaacha ni kuacha komisheni yote na pia kuacha watu wake mikononi mwa namba ya simu ya Nairobi inayosema "wahudumu wetu wote wako busy kwa sasa".

Kwa hivyo nikisikia ejenti anasema "kwani nini, mambo ikigoma nitahama na wateja wangu", namuuliza ni wangapi kati yao wana sukari.

Kisheria, ejenti anasimama upande wa kampuni. Anayesimama upande wa mteja ni broka, na broka lazima iwe kampuni yenye mtaji, sio msee na begi. Lakini enda uelezee hiyo mama anayeuza ndizi. Kwake kampuni ni jina kwa kadi. Bima ni wewe. Anajua kwenu, anajua kanisa lenu, na anajua utakuwa mazishi ya Jumamosi.

Naongea hivi kwa sababu nimeona kwetu. Mwaka juzi kampuni moja ilitoa hospitali moja ya hapa kwa orodha yake katikati ya mwaka. Baba mdogo akafika na kadi, akarudishwa kwa dirisha. Hakupigia kampuni. Alingoja tukutane matanga, na binamu akiwa na sahani mkononi, akamwambia mbele ya wazee wote: "Kijana, uliniuzia karatasi." Binamu akasema, "Baba, si mimi nimeitoa," lakini hakuna mtu alikuwa anaskiza hiyo upande. Kilichomuokoa ni kwamba hakuwa amefungwa. Wakati wa kurenew alimpeleka kampuni ingine ambayo ilikuwa na hiyo hospitali, na kwa bahati mzee hana ugonjwa wa zamani, so hakupoteza kitu. Saa hii wanasalimiana.

Orodha ya hospitali ndio kitu ya kwanza mtu wa Gusii anauliza, na ako sawa. Nairobi hospitali ikitolewa kwa orodha unavuka barabara unaingia ingine. Huku ukihesabu Kisii Teaching and Referral, Christa Marianne, Tabaka Mission kule chini, Nyamira County Referral, na private chache za town, umemaliza vidole haraka. Kesi ikiwa nzito watu wanapelekwa Tenwek, Bomet, ama Kisumu, ama Nairobi. Kampuni ikikosana na hospitali mbili tu hapa, kava yake imekuwa bango la barabarani. Na wewe ndiye umefungwa kuliuza hilo bango.

Kampuni nazo huanguka

Hii tuipitie haraka kwa sababu wengi wanaikumbuka. Aprili 2022 IRA iliweka Resolution Insurance chini ya usimamizi wa kisheria, na Policyholders Compensation Fund ikapewa kazi ya kuisimamia. Resolution haikuwa kampuni ya kona. Ilikuwa jina kubwa kwa kava ya afya, na watu walikuwa na kadi zake kwa wallet. Ule mfuko wa fidia hulipa, lakini uko na kikomo cha 250,000 kwa dai, na mwenye bili ya ICU anajua hiyo inaenda wapi. Upande wa magari tumeona Xplico ikiingia usimamizi Desemba 2023, na Invesco ikipelekwa kufilisiwa 2024.

Sisemi kampuni iliyomletea binamu karatasi itaanguka. Sina sababu ya kusema hivyo. Nasema ejenti mwenye wateja wake wote ndani ya kampuni moja, siku kama ile ya Aprili, anaamka bila bidhaa, bila komisheni, na na simu ambazo hawezi kuzima. Mwenye wateja kwa kampuni nne anaamka na shida robo.

Kufungwa nako kuna utamu wake

Sasa nisionekane kama namchukia kila mtu mwenye mkataba. Maejenti huru si malaika. Nimejionea msee akisukuma kava kwa mama wa watu kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa inapeleka wauzaji bora Mombasa, na si kwa sababu kava ilimfaa. Kuwa na kampuni sita kwa begi hakukufanyi mwaminifu. Kunakupea tu nafasi sita za kuchagua komisheni kubwa.

Na kuna kitu maejenti huru huwa hawasemi kwa sauti. Ukiwa na wateja watano huku, watano kule, hakuna kampuni inakujua. Mgonjwa amelazwa, hospitali inangoja kampuni iidhinishe operesheni, unapiga simu, unaandika email, na hakuna anayeshtuka. Ejenti mwenye wateja 80 kwa kampuni moja ana namba ya mtu. Anampigia saa mbili usiku kwa jina, na idhini inatoka kabla ya saa tatu. Kwa mgonjwa, hiyo saa moja ni kubwa kuliko falsafa yote nimeandika hapa.

Mtu anayeanza pia ni stori tofauti. Amemaliza Certificate of Proficiency, leseni imetoka, hajui hata kujaza fomu ya mzee mwenye wake wawili. Huyo akipata kampuni ya kumfunza na kumlipa posho, hana wateja wa kupoteza. Peji ya 11 haimgusi bado. Mimi ningemwambia asaini, mradi iwe mwaka mmoja.

Binamu si huyo. Ako na miaka mitano kwa hii kazi na wateja wa afya wanaokaribia 70, waliotawanyika kwa kampuni nne. Anaambiwa awalete wote mezani halafu aache kapu kwa gate.

Waliouliza Minnesota

Kwa family group kuna shangazi yetu ako Minnesota. Huko Wakisii wamejaa hadi mazishi zinachangiwa kwa dola. Aliposkia hii stori akacheka, akasema hata huko vita ni hivyo hivyo, ila karatasi ni nyingi.

Marekani wazee wa miaka 65 kwenda juu wako na Medicare, bima ya serikali. Lakini wengi wanaichukua kupitia kampuni za private, mpango unaoitwa Medicare Advantage, na UnitedHealth, moja ya kubwa kabisa kwa hiyo biashara, makao yake yako hapo hapo Minnesota. Kuna maejenti wa kampuni moja na kuna wa kujitegemea, na kila mwaka kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba, msimu wa wazee kubadilisha mipango, wanapigana kama matatu za Keroka.

Tofauti ni kwamba serikali yao inaweka kikomo cha komisheni. Kwa 2026, sehemu nyingi za nchi, ni dola 694 kwa mzee mpya wa Medicare Advantage na dola 347 kila mwaka akibaki. Kwa hivyo kampuni haiwezi kumvuta ejenti kwa kumuongezea asilimia kubwa kwa kila mzee. Vita inahamia kwingine: nani anakupea majina ya wateja, nani analipa ofisi, na ukitoka nani anabaki na zile 347. Ejenti mwenye uzoefu huko anauliza maswali mawili kabla ya kugusa peni. Mkataba ukiisha, malipo ya kurenew yanaendelea kunifuata? Na nikitaka kuhama, nani lazima anisainie ruhusa?

Shangazi akaongeza kitu kingine. Miaka ya karibuni kampuni kadhaa huko ziliamua kuacha kulipa komisheni kwa baadhi ya mipango, msimu ukiwa umekaribia au tayari umeanza. Ejenti huru alibadilisha begi. Wa kampuni moja alibaki akiuza kitu ambacho hakimlipi, ama akaacha kuuza na wazee wake wakabaki wakijipigia simu.

Karatasi inaweza kuandikwa tena

Vijana wengi wanachukulia mkataba wa kampuni kubwa kama matokeo ya KCSE: imetoka, imetoka. Si hivyo. Imeandikwa na wakili wa upande mmoja, na upande ule mwingine ni wewe.

Kenya iko na sheria ya zamani, Contracts in Restraint of Trade Act, Sura ya 24. Inatambua kwamba mtu anaweza kukubali kwa mkataba asifanye biashara fulani, lakini Mahakama Kuu ina uwezo wa kufuta kipengele kama hicho kikiwa kimezidi, ikiangalia aina ya kazi, muda na eneo. Kwa mkataba wa binamu kuna mstari unamkataza kuuza kava yoyote ya afya kwa kaunti za Kisii, Nyamira na majirani zao kwa miaka miwili baada ya kutoka. Wakili beshte yetu aliisoma akasema hiyo anaweza kuipigania kortini. Halafu akauliza nani atalipa hiyo kesi. Ejenti wa 13,500 kwa mwezi haendi Mahakama Kuu. Ni rahisi kuufuta huo mstari kabla ya kusaini.

Kuna pia Data Protection Act ya 2019, na hii maejenti wengi wanalala. Ile folder ya simu yenye vitambulisho vya wateja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, majibu ya daktari: ukitoka kampuni ukaenda nayo na kuanza kuitumia kwingine bila ruhusa ya wenyewe, umejiweka pabaya. Lakini mkono mwingine ni kwamba mteja si ng'ombe wa kampuni. Yeye mwenyewe anaweza kuandika barua aseme anataka kuhudumiwa na nani. Kwa hivyo lile neno "wateja wa kampuni" kwa peji ya 11 lina nguvu juu ya komisheni yako. Juu ya mapenzi ya mwalimu wa Keroka halina.

Jumatano usiku tulikaa kwa simu tukaandika barua. Wateja wa afya waliokuwepo kabla ya mkataba wabaki walipo, na aruhusiwe kuwahudumia. Bima ya gari na duka isiguswe. Komisheni ya kurenew iendelee miezi 24 baada ya mkataba kuisha, mradi mteja bado analipa na ejenti hajafutwa kwa wizi. Ule mstari wa miaka miwili utoke. Na kampuni ikitoa hospitali yoyote kati ya tatu tulizotaja kwa orodha yake, awe huru kuuza kava nyingine kwa wateja wa hapo.

Majibu yalikuja haraka kuliko tulivyotarajia, Alhamisi saa nane. Gari na duka, sawa, hawana shida. Mstari wa miaka miwili wameupunguza hadi miezi sita na kuubakisha Kisii peke yake. Komisheni ya kurenew wamekubali miezi sita, si 24. Wateja wa zamani wanataka "wahamishwe hatua kwa hatua", na hapo binamu akasema hapana kwa simu bila hata kuniuliza. Kuhusu hospitali hawakujibu neno.

Ijumaa aliomba wiki moja zaidi na wakampa, kitu ambacho kinakwambia hiyo "kabla ya Ijumaa" ilikuwa ya kumtisha tu. Jioni hiyo aliniandikia akiwa ndani ya matatu ya kwenda Keroka. Mwalimu alikuwa anarenew, na fomu ilikuwa ya kampuni A.